Bati la migongo: nguvu yake inatoka wapi, na pwani tutangulize nini?

Muulizaji, Raskazone, Tanga
Ndugu zangu, naezeka nyumba ya mama yangu karibu na bahari, na mafundi wawili wamenipa ushauri unaogongana. Mmoja anataka geji 30 (geji ni namba ya unene; ikiwa kubwa, bati ni jembamba) ya migongo mipana, mwingine anasema migongo ni urembo tu, ninunue geji 28 ya migongo midogo. Naomba mwenye ujuzi anieleze nani alibuni kulikunja bati namna hii, mikunjo hiyo ina kazi gani, na kwa hewa ya chumvi ya kwetu nitazame nini kwanza.

Mwalimu wa ufundi, Chumbageni
Ndugu muulizaji, hataza, yaani haki rasmi ya mbunifu, ya bati la mikunjo ilitolewa mwaka 1829 kwa Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London Docks. Migongo si urembo hata kidogo. Bati bapa hulegea kwa sababu chuma chake chote kimelala mahali pamoja. Ukilikunja, sehemu ya chuma hupanda juu na nyingine hushuka chini, hivyo uzito ukilemea paa, migongo hubanwa na mabonde huvutwa, na bati hukataa kupinda. Kina cha mkunjo kikiongezeka mara mbili, ugumu huo hukaribia mara nne, ilhali chuma kinachoongezeka ni kidogo. Kwa hiyo muulize muuzaji kina cha mgongo, maana upana peke yake haukuambii lolote. Faida hiyo iko upande mmoja tu, kufuata urefu wa migongo, ndiyo maana papi, mbao zinazoshika bati, hupigwa kuikatiza. Palmer alikwenda mbali zaidi, jambo ambalo mimi nalistahi sana: aliyapinda mabati yenyewe kuwa tao, likaezeka banda la tapentaini pale bandarini bila msitu wa kenchi.

Fundi paa, Ngamiani
Mwalimu ameeleza umbo vizuri, lakini kwa Raskazone adui ni kutu, na Palmer hakuwa na dawa yake. Dawa ilikuja mwaka 1837, mhandisi Mfaransa Stanislas Sorel alipopata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 450 hivi. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma, hata pale bati lilipokwaruzwa. Mwaka 1972 kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani ilileta sokoni mchanganyiko wa asilimia 55 ya alumini, zinki, na silikoni kidogo, ambao kwa kawaida hudumu zaidi. Usinunue kwa geji pekee. Uliza unene kwa milimita, kisha gramu za mpako kwa mita moja ya mraba: Z275 ni gramu 275 za zinki, pande zote mbili zikijumlishwa, na AZ150 ni gramu 150 za mchanganyiko huo.

Muulizaji
Nashukuru sana, walimu wangu. Je, kukata kwa grinda kunaharibu mpako?

Fundi paa, Ngamiani
Kunaharibu. Joto huunguza mpako ukingoni, na cheche zikitua juu ya bati huacha vidoa vya kutu. Mwambie fundi atumie mkasi wa bati, apige misumari yenye mpira juu ya mgongo, kwani bondeni ndiko maji yanakopita, na afagie vipande vyote vya chuma siku hiyohiyo.