Je, asilimia 5 ya pato la taifa itailinda NATO dhidi ya nanga na ndege za plaiwudi?

Mleta mada:

Siku ya Krismasi ya mwaka 2024 kebo ya umeme ya Estlink 2, inayopita chini ya Bahari ya Baltiki kati ya Finland na Estonia, ilikatika, na pamoja nayo zikaharibika kebo kadhaa za mawasiliano. Meli ya mafuta ya Eagle S, iliyokuwa imetoka Urusi ikipeperusha bendera ya Visiwa vya Cook, ilisimamishwa, na polisi wa Finland wakateremka juu yake kwa helikopta. Nanga yake moja haikuwepo. Sakafu ya bahari ilipochunguzwa ilionekana ina mchirizi wa makumi ya kilomita, kama vile mtu amepitisha plau shambani.

Naanza na kisa hicho kwa sababu swali ninalolileta mbele yenu linahusu fedha. Mwezi Juni 2025, wakuu wa nchi 32 wanachama wa NATO, jumuiya ya kujihami ya nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, walikutana The Hague na kukubaliana kwamba ifikapo mwaka 2035 kila nchi iwe inatumia asilimia 5 ya pato lake la taifa kwa ulinzi: 3.5 kwa jeshi lenyewe, na 1.5 kwa mambo yanayoambatana nalo, yakiwemo barabara, madaraja, bandari na usalama wa mitandao. Lengo la awali, lililowekwa Wales mwaka 2014, lilikuwa asilimia 2, na wakati huo ni nchi tatu tu zilizokuwa zimelifikia. Je, ongezeko hilo ndilo jibu la hatari zinazoikabili jumuiya hii leo? Mimi naona kwamba NATO haijapungukiwa sana na silaha. Imepungukiwa na uamuzi, na uamuzi hauuzwi dukani.

Kifungu cha 5 cha mkataba wa mwaka 1949 ulioianzisha NATO watu hukitaja kana kwamba ni kengele ya zimamoto, kwamba akiguswa mmoja wote wanakimbilia vitani. Ukikisoma kwa makini utaona kila nchi imeahidi kuchukua hatua ile itakayoona yenyewe kuwa ni ya lazima, ikiwemo kutumia nguvu za kijeshi, na maneno hayo yaliachwa hivyo kwa sababu maseneta wa Marekani hawakutaka mkataba uwaingize vitani bila ridhaa yao. Kimetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, na aliyehitaji msaada siku hiyo alikuwa Marekani: ndege za rada za NATO kutoka kituo cha Geilenkirchen, Ujerumani, zilivuka Atlantiki na kulinda anga yake hadi Mei 2002. Siku ile hakuna aliyeuliza kama lile lilikuwa shambulio. Nanga ikikata kebo, ni nani atakayesimama na kutamka neno hilo?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2025, ndege za Urusi zisizo na rubani zipatazo 20 ziliingia katika anga ya Poland. Miongoni mwake zilikuwemo zile za Gerbera, ambazo ni chambo kilichotengenezwa kwa plaiwudi na povu gumu. Kuzikabili, ziliruka ndege za kivita za F-16 za Poland na F-35 za Uholanzi, na kombora moja la ndege hizo lina bei ya kununulia Gerbera nyingi. Poland iliomba mashauriano chini ya kifungu cha 4, kile cha wanachama kushauriana mmoja wao anapoona ametishiwa. Siku chache baadaye ndege tatu za kivita za Urusi aina ya MiG-31 zilikaa katika anga ya Estonia kwa dakika 12, na Estonia nayo ikaomba mashauriano. Urusi ilikana kwamba ndege zake zilivuka mpaka. Kwangu mimi huyu ni mtu anayechovya fimbo mtoni kupima kina kabla ya kuvuka, na kila akichovya anarudi salama. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nimekusoma hadi mwisho na nakupinga kwenye jambo la msingi. Unasema silaha zipo. Machi 2023 Umoja wa Ulaya, ambao nchi zake 23 kati ya 27 ni wanachama wa NATO, uliiahidi Ukraine makombora ya mizinga milioni moja katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha yalikuwa yamefika karibu nusu. Viwanda vilikuwa vimelala tangu Vita Baridi vilipokwisha. Mtu ambaye ghala lake ni tupu hawezi kuwa na uamuzi unaoutaka wewe, hata awe na moyo wa simba, kwa sababu adui ameshalihesabu ghala hilo kabla yake.

Tazama pia ukanda wa Suwałki, mpaka wa Poland na Lithuania wenye upana wa kilomita 65 hivi, Belarus ikiwa upande mmoja na Kaliningrad ya Urusi upande wa pili. Ukifungwa huo, nchi tatu za Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania) hazina njia nyingine ya nchi kavu ya kufikiwa na wenzao. Na hata ukiwa wazi, reli za nchi hizo kwa sehemu kubwa zina upana wa Kirusi wa milimita 1,520 ilhali za Poland ni milimita 1,435, kwa hiyo vifaru vinavyokwenda kwa treni lazima vihamishiwe mabehewa mengine njiani, wakati saa zinakwenda. Ile 1.5 unayoidharau ndiyo inayopaswa kumaliza shida ya namna hiyo. Kifungu cha 3, ambacho hukukigusa, kinamtaka kila mwanachama ajijengee uwezo wake mwenyewe, mbali na ule wa kusaidiana na wengine.

Mchangiaji wa pili:

Wakuu, mnaijadili jumuiya hii kana kwamba ni mlinzi wa getini tu. Mwaka 2011 iliipiga Libya kutoka angani kwa miezi saba, kwa kutumia azimio namba 1973 la Baraza la Usalama lililokusudiwa kulinda raia, na mpango wa amani wa Umoja wa Afrika ukawekwa kando. Kabla ya kuuliza kama fedha zinatosha, tuulize zitatumika dhidi ya nani.

Mleta mada:

Ndugu mchangiaji wa pili, hoja yako ni nzito, ila azimio lile lilipigiwa kura ya ndiyo na Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, kwa hiyo linadai mada yake peke yake. Leo tubaki Baltiki.

Kwa mchangiaji wa kwanza, kuhusu makombora ya mizinga umenishika, na nakubali kwamba niliandika kwa haraka. Kwenye ile 1.5, hata hivyo, bado nina wasiwasi, kwa sababu mlango umeachwa wazi mno: huko Italia wakubwa serikalini walianza kusema kwamba hata daraja la kwenda Sicilia kupitia mlango wa bahari wa Messina lingeweza kuhesabiwa kuwa ulinzi. Uhispania kwa upande wake ilisema wazi kwamba asilimia 2.1 inaitosha.

Kuna jambo lingine zito kuliko hayo. Januari 2025 Donald Trump aliulizwa kama angeahidi kutotumia nguvu kuipata Greenland, akakataa kuahidi. Greenland iko chini ya Denmark, mwanachama mwanzilishi aliyezika askari zaidi ya 40 kutokana na vita vya Afghanistan. Mkataba haukuandikwa kwa ajili ya mwanachama anayemtishia mwanachama mwenzake, na hata katika mambo madogo kuliko hilo lazima wote wakubaliane: Sweden ilipeleka ombi Mei 2022, ikapokelewa Machi 2024, kwa kuwa Uturuki na Hungary zilikuwa na madai yao.

Na ile Eagle S? Iliachiwa Machi 2025. Mwezi Oktoba mahakama ya Helsinki iliifuta kesi ya nahodha na maofisa wake wawili, kwa kuwa uharibifu ulitokea nje ya maji ya Finland, na serikali ikaamriwa kulipa gharama zao za mawakili. Nionyeshe, katika asilimia zote 5, ni senti ipi ingeibadili hukumu hiyo.

Mchangiaji wa kwanza:

Hakuna. Sheria ya bahari ina kasoro zake na hazirekebishwi kwa bajeti. Lakini tangu Januari 2025 kuna doria ya NATO iitwayo Baltic Sentry, yenye manowari, ndege za doria na droni za majini, ambayo kazi yake ni kuifikia meli ya namna hiyo wakati nanga bado imening'inia ubavuni. Mafuta ya hizo manowari ulitaka yalipwe na nani?