Land Cruiser 80 inabugia wese mpaka naogopa kuiwasha. Ushauri wakuu

Mpanda_Mlima (mleta mada)
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja. Nina Land Cruiser 80, injini ya petroli 1FZ-FE, lita 4.5, gia automatiki. Gari naipenda, sitaki kuiuza, ila mafuta yananimaliza. Najaza tanki la lita 95, nikigeuka kidogo taa imewaka. Kwa hesabu zangu inakwenda kilomita 4 kwa lita, na hapo ni lami tupu, sijaingia matopeni. Plagi mpya, chujio la hewa jipya, oili imemwagwa juzi. Fundi anasema injini haina shida, ndivyo zilivyo.

Nimesikia kuna kifaa cha sumaku kinafungwa kwenye mpira wa mafuta, kinapunguza ulaji kwa robo nzima. Kuna aliyekitumia? Naomba wenye uzoefu, siyo kejeli. Usingizi hauji.

Kisoda
Umefuga tembo mwenyewe, leo unalalamika anamaliza majani 😂

Babu Dizeli
Kijana, uza hiyo tafuta yenye 1HZ. Dizeli, lita 4.2, haina turbo, haina sensa za kukuumiza kichwa. Yangu niliinunua kabla kifungua mimba wangu hajazaliwa, sasa hivi yeye ndiye anaiendesha na hanisikilizi. Kuna siku tulivuka mto maji yakaingia mpaka kwenye viti, mama watoto akaanza kuomba dua kwa sauti, injini inanguruma tu. Tukatoka ng'ambo, tukafungua milango maji yakamwagika, safari ikaendelea. Petroli ingefia palepale katikati.

Mpanda_Mlima
Babu, nimesema siuzi.

Spana 17
Achana na sumaku. Petroli haina kitu cha kuvutwa na sumaku. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imepima vifaa vya kubana mafuta zaidi ya 100, karibu vyote havikuleta nafuu yoyote. Vile vichache vilivyoleta, ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Sasa nijibu haya. Tairi saizi gani? Juu ya paa kuna nini? Safari ndefu unakwenda spidi ngapi? Na mshale wa temperecha unakaa wapi?

Mpanda_Mlima
Asante mkuu. Spidi ya kawaida tu, 110, barabara ikiwa wazi 120. Paani kuna keria, ina hema na madumu mawili ya maji. Mshale uko chini kabisa, haichemshi hata kidogo, kwa hilo namshukuru Mungu. Kuhusu sumaku, nimeona video kabisa, jamaa anafunga na ulaji unashuka palepale. Sasa video nayo inadanganya?

Mama Gia
120 na hema juu ya paa! Mwanangu, upepo hauna huruma. Kutoka 100 kwenda 120 ukinzani wa hewa unapanda asilimia 44, kwa sababu unakua kwa mraba wa spidi. Na huo mzigo wa paani, Wamarekani wanasema sanduku kubwa la juu linaweza kukuharibia ulaji kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Kifaa cha kubana mafuta unacho tayari, ni mguu wa kulia.

Mume wangu naye hivyohivyo, hema limekaa juu mwaka mzima, na tangu tulinunue hatujawahi kulala humo. Ukimuuliza anasema "siku yoyote tutaondoka". Vijana mnapenda gari lionekane linasafiri kuliko kusafiri kwenyewe.

Spana 17
Mpanda, hujajibu tairi.

Mpanda_Mlima
Ni kubwa kidogo.

Spana 17
Kidogo kiasi gani? Zimeandikwa ubavuni, soma.

Mpanda_Mlima
315/75R16. Za kashata. Na nimeipandisha inchi 4, bampa za chuma mbele na nyuma, na winchi. Lakini wakuu tusipoteze mada! Hata kabla ya hizo tairi ilikuwa inakula. Na sizivui, niseme mapema kabisa, gari hii bila hizo tairi haina heshima. Mimi nimeulizia sumaku, na kwa kweli nimeshalipia nusu, kwa hiyo nataka tu kujua inafungwa upande wa tanki au upande wa injini.

Kisoda
"Kubwa kidogo" 😂😂 Inchi 35 hizo. Nimetema soda.

Spana 17
Sasa tunaongea. Tairi ya kiwandani ya 80 yenye 275/70R16 ina kipenyo cha karibu milimita 791. Yako ni 879. Umeongeza asilimia 11.

Kwanza, odometa yako inakupunja. Ikisoma kilomita 100 wewe umekwenda 111. Kwa hiyo hiyo 4 yako kwa kweli ni 4.4. Na ukiona mshale wa spidi uko 110 unadhani umetulia, huenda uko 120 na ushee. Hapo upepo wa Mama Gia ndio unapokukamata.

Pili, difu yako bado ni 4.10, yaani shafti inazunguka mara 4.10 ndipo tairi izunguke mara moja. Kwa tairi hizo ni sawa na kuendesha na 3.7. Injini inavuta tairi nzito kwa gia ndefu, kila kimwinuko giaboksi inashuka gia, unakanyaga zaidi. Wenye inchi 35 hubadilisha difu ziwe 4.56 au 4.88. Ni kazi, mbele na nyuma lazima zifanane, lakini gari inarudi kuwa gari.

Ujue pia kwamba injini hii haijawahi kuwa mla kidogo. Hata ikiwa mpya ilikuwa inacheza karibu na 5 kwa lita kwa matumizi mchanganyiko. Usitegemee 9.

Kinachonisumbua zaidi ni mshale wako kukaa chini. Hiyo siyo sifa. Thamostati, yaani kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ikigoma kufunga, injini haipati joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa asubuhi na inaendelea kuongeza mafuta. Kesho kabla hujawasha, injini ikiwa baridi, weka mkono kwenye mpira wa juu wa rejeta halafu washa. Mpira unatakiwa ukae baridi dakika kadhaa, kisha joto lije kwa ghafla thamostati inapofunguka. Ukianza kupata vuguvugu polepole tangu mwanzo, jibu unalo. Chomoa na plagi moja uangalie rangi.

Njiti
Wakuu samahani, hivi ni mimi peke yangu nimeshtuka? Hii chai. ID ya wiki hii, sumaku imetajwa karibu kila posti, "kinapunguza robo", "nimeona video", "inafungwa upande gani". Huyu hana 80, huyu ndiye muuzaji. Keshokutwa atarudi na mrejesho: wakuu nimefunga, sasa nakwenda kilomita 6 kwa lita, mwenye kuhitaji aje PM.

Babu Dizeli
Nami nilihisi. Mwenye inchi 35 angezitaja kabla ya salamu.

Kisoda
Babu leo umepiga penyewe.

Mpanda_Mlima
Muuzaji wa nini jamani? Mimi mwenyewe nimechukuliwa hela! Sikutaja tairi kwa sababu nilijua mtakimbilia huko huko, na ndiko mlikokimbilia.

Njiti
Sawa. Plagi za hiyo injini zimekaa wapi? Jibu sasa hivi, bila kupita Google.

Mpanda_Mlima
Juu, katikati ya kamshafti mbili, ndani ya mashimo marefu. Bila soketi ndefu huzifikii, na usipopuliza vumbi kwanza mchanga wote unaangukia ndani. Umeridhika? Nimetoka kuzichomoa, vidole bado vinanuka petroli. Zote sita nyeusi, masizi makavu, ukizigusa yanabaki kwenye kidole. Na nilisema ni mpya.

Njiti
Hmm. Haya, gari unayo. Haimaanishi huuzi.

Spana 17
Masizi makavu maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Hapo tairi hazihusiki, ni injini inapewa zaidi ya inachohitaji. Anza na thamostati, halafu sensa ya joto la maji inayoitaarifu kompyuta, halafu sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye ekzosi. Hiyo ya mwisho usiidharau: Wamarekani wanasema kurekebisha hitilafu kubwa ya namna hiyo kunaweza kuongeza umbali wako kwa lita hadi asilimia 40. Na ukitoka safari bila kufunga breki sana, pitisha mkono karibu na kila rimu. Ikiwa moja ina moto kuliko wenzake, breki imekamata na unaivuta kutwa nzima.

Mama Gia
Na hema ushushe.

Mpanda_Mlima
Asubuhi hii nimeshika mpira wa rejeta. Haukungoja chochote, vuguvugu lilianza mara tu baada ya kuwasha. Thamostati naifuata leo. Hema nitalishusha, spidi nitajitahidi. Tairi zinabaki. Sumaku muuzaji amekataa kurudisha hela, kwa hiyo naimalizia na kuifunga tu, si haina madhara?

Spana 17
Madhara haina. Ila usivifunge vyote kwa siku moja. Weka thamostati, jaza mpaka pampu ikate yenyewe, tembea umalize nusu tanki au zaidi, jaza tena kituo kilekile, gawanya kilomita kwa lita halafu zidisha kwa 1.11. Andika. Ndipo ufunge hilo lidude, upime tena njia ileile, spidi ileile. Vinginevyo sifa zote za thamostati atapewa sumaku.

Njiti
Na matokeo yote mawili yaletwe hapahapa, pamoja na picha ya odometa. Nimekaa paleee.