Tupeane uzoefu: ulipoamua kwa akili yako mwenyewe mbele ya ndugu, majirani na kamati

Mleta mada (Ngamiani, Tanga)

Assalamu alaykum, na salamu za heshima kwa wote. Kwa muda sasa nimekuwa nikiwasoma wanafalsafa waliomweka mtu mmoja mmoja mbele ya kundi, na kila ninapofunga kitabu maswali yanayonijia ni ya barabara zetu za Ngamiani: nichangie kiasi gani, nimdhamini nani, nimkatalie nani, na nitamkataliaje bila kumvunjia heshima. John Stuart Mill, Mwingereza, aliandika mwaka 1859 kwamba sababu pekee inayohalalisha kumlazimisha mtu mzima ni kumzuia asiwadhuru wengine. Manufaa yake mwenyewe yanatosha kumshauri, kumsihi na hata kubishana naye, lakini hayatoshi kumshurutisha. Aliongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka, kwamba jamii inaweza kumbana mtu kwa maneno na mitazamo kuliko serikali inavyombana kwa sheria. Kabla yake, mwaka 1785, Mjerumani Immanuel Kant alikuwa amekwisha kusema kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu cha kutimizia malengo ya wengine.

Ninavyoelewa mimi, mafundisho haya hayamkatazi mtu kutoa. Yanamtaka ajue anatoa nini, kwa nani na hadi wapi, na uamuzi huo uwe wake kweli, kisha auseme waziwazi. Ninaomba tusimulie yaliyotufika wenyewe, kwa sababu nadharia tupu tunaweza kuzisoma kila mtu kwake.

Naanza na michango ya harusi. Kadi huletwa ikiwa na kiwango chake cha singo na cha dabo, kisha mtu huitwa kwenye kikao, jina lake husomwa hadharani, na mbele ya macho ya watu wote hutaja ahadi ambayo moyoni anajua hataiweza. Mimi na mke wangu tulikaa tukapanga fungu la michango kwa mwaka mzima, tukaweka ugonjwa na msiba kwanza, harusi baadaye, na tukakubaliana kwamba fungu la harusi likiisha tutakwenda kwenye shughuli kwa mikono yetu, kupika na kupokea wageni, bila kuahidi fedha. Uamuzi huo tunawaambia wahusika kabla ya kikao. Wapo walionuna. Lakini katibu wa kamati moja aliniambia kwamba kinachomkosesha usingizi si mtu anayetaja kiasi kidogo akakilipa. Ni ahadi kubwa zisizolipwa, kwa sababu ukumbi na chakula huagizwa kwa kutegemea ahadi hizo, na deni humwangukia mzazi wa bwana harusi. Tangu hapo nimeamini kwamba anayeahidi kwa kuogopa macho ya watu humwumiza hata yule anayedhani anamheshimu.

Mchangiaji wa kwanza (Sahare)

Mleta mada, mimi ni mvuvi na nina chombo changu, kwa hiyo nitazungumzia bahari. Kila mmoja wetu katika ukanda huu anajua habari ya baruti, yaani kuvua samaki kwa milipuko. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alinijia usiku akaniomba nimpe chombo kwa safari moja, na hakunificha alichokusudia. Nilimkatalia. Kesho yake nilikuwa nimezungukwa na wakubwa wa ukoo, na hoja yao ilikuwa nzito: kwamba bahari ni ya Mungu, kwamba kijana ana mke na watoto, na kwamba mimi mjomba wake, badala ya kumshika mkono, namfungia mlango wa riziki kwa sababu ya mambo ya serikali.

Niliwajibu kwamba hata kama sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 isingekataza baruti, jibu langu lingekuwa lilelile, na nikawaeleza kwa nini. Mlipuko hauchagui. Huua samaki wakubwa pamoja na makinda ambayo hakuna mtu angeyauza, huvunja matumbawe ambayo ndiyo makazi yao, na sehemu ya waliokufa huzama chini wasiokotwe na yeyote. Matumbawe yaliyovunjika huchukua miaka mingi kurudi. Kwa hiyo mwenye kurusha baruti hachumi chake tu; anakula cha mwenye dema, cha mwenye mshipi, na cha mtoto ambaye bado hajaanza kuingia baharini. Huyo Mill uliyemtaja angesema hapo ndipo uhuru wa mpwa wangu unapokoma, na mimi nasema vivyo hivyo ingawa sikumsoma.

Kukataa chombo changu lilikuwa jambo jepesi, kwa sababu ni mali yangu. Kilichoniumiza kichwa ni hatua iliyofuata, pale niliposikia kwamba amepata chombo kingine. Je, nimtaje? Nilimfuata kwanza yeye mwenyewe, nikamwambia uso kwa uso kwamba akitoka na baruti nitakwenda kwa BMU, kikundi cha wanajamii kinacholinda rasilimali za uvuvi ufukweni, na kwamba namwambia mapema ili asije akasema mjomba alimchongea kwa siri. Nikamwambia pia kwamba nafasi ipo katika chombo changu kama baharia. Alitoka. Nikaenda. Nyumba ya dada yangu ilinifunga mlango kwa kipindi kirefu, na sitasema kwamba halikuniuma, kwa maana dada huyo ndiye aliyenilea. Hata hivyo nikiulizwa leo nitafanya vilevile, kwa kuwa hakuna aliyenilazimisha na madhara niliyoyazuia yalikuwa ya kweli.

Ningependa pia kuwajibu wanaosema fikra za namna hii zinaua ushirika. Tunaporudi kutoka baharini tunatoa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha tunagawa mafungu: la chombo, la nyavu, na la kila baharia. Kila mtu analijua fungu lake kabla hatujasukuma chombo majini. Sijawahi kuona ushirika ulio imara kuliko huo, na uimara wake unatokana na kwamba hakuna anayedhulumiwa kwa jina la undugu.

Mchangiaji wa pili (Korogwe)

Langu ni fupi. Mwalimu mwenzangu aliniomba nimdhamini mkopo kwenye SACCOS yetu. Mdhamini anaweka akiba yake rehani, na akiba yangu ilikuwa ada ya mwanangu. Nilimwambia hivyo bila kuzunguka, nikamkopesha kiasi kidogo nilichoweza kukipoteza bila kuathirika. Alinishukuru baadaye kwa kutomzungusha wiki nzima kwa “njoo kesho”. Vilevile kuna binamu aliyekuja kututembelea akakaa, na hapo nilitumia maneno ya wahenga, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alilipokea jembe, na sasa analima bustani ya nyumbani na kuuza mchicha kwa faida yake.

Mchangiaji wa tatu (Pangani)

Shikamooni wakubwa. Nimesoma kwa makini, na kuna jambo ambalo sikubaliani nalo. Mnazungumza kana kwamba mtu hujikuta tu amesimama peke yake akiwa na akili na mali, kisha huanza kuamua nani ampe. Mimi nilisomeshwa na shangazi aliyekuwa akiuza vitumbua, wala hakuwa na fungu lililopangwa kwa mwaka. Mama yangu alipopooza niliacha kazi Dar es Salaam nikarudi kumwuguza. Sikupiga hesabu. Je, falsafa hii itaniambia kwamba nilijifuta mwenyewe? Na yupo Mfaransa Alexis de Tocqueville, aliyeonya mwaka 1840, baada ya kuizunguka Marekani, kwamba mtu anayejitenga na kundi lake akabaki na familia na marafiki wachache huishia kuiacha jamii kubwa ijiendee. Mbona huyo hatajwi?

Mleta mada

Marahaba dada, na ahsante, kwa sababu umegusa mahali ambapo wengi wanaopenda falsafa hii hukimbia. Ayn Rand, aliyezaliwa Urusi mwaka 1905 akahamia Marekani mwaka 1926, alikuwa mkali kuliko wote katika kukataa mtu kujitoa mhanga kwa ajili ya wengine, na ukali wake mwingine siukubali, hasa pale anapoona kwamba mhitaji hana dai lolote juu yetu. Lakini kuhusu jambo lako alitoa mfano wa mume anayetumia mali yake kumtibu mke anayempenda, akasema huyo hajajitoa mhanga, kwa kuwa uhai wa mke ni wa thamani zaidi kwake kuliko fedha. Kujitoa mhanga, kwa maana yake, ni kuachia kilicho kikubwa kwako ili kupata kilicho kidogo. Kwa kipimo hicho wewe hukujifuta. Ulichagua kilicho kikubwa. Kuhusu shangazi, nakubali kabisa kwamba mtu hajitengenezi mwenyewe, na deni la namna hiyo ni la kweli. Ninachokataa ni mtu wa tatu kulidai deni hilo kwa niaba ya shangazi, huku yeye mwenyewe hajadai. Na Tocqueville huyohuyo alisifu vyama ambavyo watu huviunda kwa hiari yao, jambo ambalo halipo mbali na chombo cha ndugu yetu wa Sahare.

Mchangiaji wa nne (Muheza)

Baba yetu aliacha shamba la michungwa. Kaka zangu walinijia kwa upole, wakasema mimi nimeolewa, ninakula kwa mume, basi niwaachie fungu langu ili shamba lisikatike. Mama mdogo alinisihi nikubali kwa ajili ya amani. Niliwasomea aya ya 7 ya Sura An-Nisaa, kwamba wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi, fungu lililofaridhiwa. Nikawaambia kwamba sidai cha mtu na wala sizidishi, ila sitasaini karatasi ya kuachia nisichokusudia kuachia. Ilichukua vikao kadhaa, na maneno yalikuwa mengi. Nilipokwisha kupewa miti yangu, kwa hiari yangu nilimkabidhi kaka mdogo ailime, kwa makubaliano kwamba tugawane mavuno baada ya kutoa gharama. Lingekuwa jambo jingine kabisa kama ningenyang’anywa kwanza kisha nikaambiwa nimesaidia.

Mleta mada

Dada wa Muheza, mkataba huo na kaka yako mliuandika, au ni wa mdomo? Nauliza kwa sababu wapo kadhaa wenye jambo kama lako.

Mchangiaji wa nne (Muheza)

Tuliuandika kwa mkono, nakala mbili, mwenyekiti wa kitongoji na jirani wa mpakani wakiwa mashahidi. Ni wa msimu mmoja tu, na msimu ukiisha kila mmoja ana ruhusa ya kutoendelea bila kuombana radhi. Mpaka sasa kaka ndiye anayekumbusha tarehe ya kuandika mwingine.