Vifaa vipya vya breli vilazimishwe kufuata kiwango kimoja? Tujadili

Mleta mada

Wadau, msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kifaa kipya cha breli (maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole) kisichofuata kiwango cha HID, yaani kanuni ya pamoja inayofanya kifaa kijitambulishe chenyewe kwa kompyuta, kisinunuliwe kwa fedha za umma, wala za mashirika yanayohudumia wasioona.

Kwa wasiovijua, hivi ni vifaa vyenye mstari wa seli, kila seli kwa kawaida ikiwa na pini nane zinazopanda na kushuka. Msomaji hupitisha vidole juu yake na kusoma kilichoko kwenye kompyuta au simu. Vipo vya seli 14, 20, 40, hadi 80. Kinachovilisha maandishi ni kisoma skrini, programu inayogeuza kilichoko kwenye skrini kuwa sauti au breli: NVDA, JAWS, VoiceOver, TalkBack, Narrator, au BRLTTY kwa watu wa Linux.

Sasa angalieni ni nini hasa kinachopita kwenye kebo. Pini nane, kila moja iko juu au iko chini, basi kuna maumbo 256 tu. Hiyo ni baiti moja kwa seli. Mstari mzima wa seli 40 ni baiti 40, na SMS moja ya kawaida hubeba zaidi ya mara tatu ya hizo. Ongeza taarifa za vitufe: cha kusogeza mstari, cha kupeleka kishale kwenye seli fulani, na vile vya kuandikia. Kazi imeisha. Kwa kazi ndogo namna hii, kila kampuni ilijitungia itifaki yake (lugha ya kifaa kuongea na kompyuta), na kila kisoma skrini kikalazimika kuandikiwa draiva, programu ndogo ya kuelewa lugha hiyo, kwa kila kampuni, pengine kwa kila modeli. NVDA na BRLTTY ni programu za bure. Saa zinazoliwa na draiva hizo zingeweza kwenda kwenye mambo ambayo watumiaji wanayalilia kila siku.

Mei 2018, USB-IF, chombo kinachosimamia viwango vya USB, kilitangaza kiwango cha HID cha vifaa vya breli, Apple, Google na Microsoft zikiwa zimeshiriki. Kwa kiwango hicho kifaa hujieleza chenyewe kikichomekwa: nina seli kadhaa, ni za nukta (pini) sita au nane, vitufe vyangu ni hivi. Kibodi na mausi zilifika huko zamani, ndiyo maana hakuna anayehangaika kutafuta draiva ya kibodi. NVDA, VoiceOver na BRLTTY zote zinakielewa. Na bado mtu anauziwa kifaa kipya chenye itifaki ya kampuni peke yake. Tunalikubali kwa sababu gani?

Mchangiaji, mhandisi wa vifaa

Ndugu mleta mada, uchungu wako naujua, ila sharti hilo lina madhara yake. Kampuni ya Handy Tech ilileta ATC, teknolojia inayotambua kidole cha msomaji kiko kwenye seli ipi. Kitu kama kile hakizaliwi kwenye kamati. Kilizaliwa kwa sababu kampuni ilikuwa na itifaki yake na uhuru wa kuiongezea.

Halafu vifaa vya mistari mingi ndivyo vinavyokuja. Kifaa kiitwacho Monarch kina mistari 10 ya seli 32, na pini zake huchora pia grafu na ramani za kupapasa. Ukimbana mnunuzi kwa kiwango kilichoandikwa wakati karibu vifaa vyote ni vya mstari mmoja, unamnyima mwanafunzi wa hesabu kifaa kinachomfaa kuliko vyote.

Mchangiaji, mwalimu wa viziwi wasioona

Mhandisi, naheshimu ulichosema, lakini nakuomba uangalie kutoka upande wa wanafunzi wangu. Asiyeona anayesikia, kifaa kikigoma, bado ana sauti ya kisoma skrini. Mtu ambaye haoni wala hasikii ana breli tu. Draiva ikipotea baada ya sasisho la mfumo, pini zote zinalala. Ili aiweke upya lazima asome skrini, na ili asome skrini lazima awe na breli. Nimemwona mwanafunzi akipapasa seli tupu, anachomoa kebo, anachomeka, anapapasa tena. Hana njia ya kujua kama tatizo ni kifaa, kebo au kompyuta. Hapo hakuna la kufanya ila kumngoja mtu anayeona, na kila alichokuwa akikifanya kinasimama.

Bluetooth nayo ni mtihani mwingine. Simu inaonyesha tarakimu sita, inataka mtumiaji athibitishe. Kwa macho ya nani? HID haijatatua hilo. Lakini kwa kebo, kifaa kinachojieleza kinasomeka papo hapo, na kwa mtu huyu hilo linampa uwezo wa kufanya kazi bila msaidizi.

Mchangiaji, mtengenezaji programu

Niongeze ushahidi kutoka Linux. Vifaa vingi vya zamani hutumia chipu za kawaida za kugeuza USB kuwa mawasiliano ya siriali, chipu zilezile zilizoko kwenye bodi za vifaa vya kujifunzia elektroniki. BRLTTY inaona namba ya utambulisho ya chipu tu, haijui kifaa chenyewe ni nini. Ubuntu 22.04, toleo la Linux, ilipotoka, watu walichomeka bodi zao na BRLTTY ikazichukua ikidhani ni vifaa vya breli. Ushauri uliosambaa ukawa mmoja: ondoa BRLTTY. Yaani programu ambayo kwa mtu mwingine ndiyo mlango pekee wa kompyuta ikawa inafutwa kama takataka. Kifaa kinachojitaja waziwazi kuwa ni cha breli hakileti mkanganyiko huo.

Ila mleta mada, usiahidi kupita kiasi. Kiwango kinasema kitufe fulani kimebonyezwa, hakisemi kifanye nini. Mtu akitoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, amri anajifunza upya. Na ubadilishaji wa maandishi kuwa breli ya lugha husika ni kazi ya majedwali kama ya liblouis, programu ya kutafsiri maandishi kuwa breli, jambo jingine kabisa.

Mleta mada

Hilo la amri nimelipokea, na linastahili mjadala wake.

Mhandisi, HID yenyewe inaruhusu mtengenezaji kuweka sehemu zake binafsi pembeni ya zile za pamoja. ATC ingekaa hapo bila shida. Sharti ni la chini: maandishi na vitufe vya msingi vifanye kazi bila draiva ya kampuni. Juu ya hapo jengeni mnachotaka. Na vifaa vilivyokwisha kununuliwa draiva zake zibaki, maana mtu hutumia kifaa hiki miaka mingi na hakuna wa kumwambia anunue kingine.

Mhandisi wa vifaa

Likiandikwa hivyo, maandishi na vitufe tu, michoro ikiachwa wazi, kwa vifaa vipya sina pingamizi. Nitapinga siku mtakapogusa michoro kabla haijakomaa.

Mwalimu

Ongezeni na kebo ya USB iwe lazima. Kifaa chenye Bluetooth peke yake nitakikataa hata kikifuata HID.