Tupeane uzoefu: mafuriko na majanga mengine ya Moshi, wewe yalikukuta wapi?

Mgeni wa Pasua:
Wakuu, salaam. Natokea Singida, nimepanga Pasua mwaka wa pili sasa, na juzi nimeonyeshwa kiwanja Mabogini. Bei ni nzuri mpaka inatia shaka. Dalali anaapa kwa jina la mama yake kwamba pale maji hayafiki. Kwetu sisi tunagombania ndoo, mambo ya mafuriko siyajui. Naomba wenyeji mseme mliyoyaona kwa macho yenu: mwaka gani, mtaa gani, na maji yalikufika wapi, kifundoni, magotini au kifuani? Kama lililokukuta si la maji, liweke pia.

Mama Wawili:
Aprili 2024, kifuani.

Nilikuwa nakaa bondeni, upande wa mto Rau. Mchana ule kwetu yalikuwa manyunyu tu, nikaanua nguo, nikazirudisha kambani. Ila mlimani Kilimanjaro kulikuwa kumefunga, weusi tii, kilele cha Kibo huioni. Usiku wa manane nasikia mlango wa jikoni unagongwa. Ko, ko, ko. Nikamwamsha baba watoto, nikamwambia kuna mwizi. Kushuka kitandani akapiga ukelele, maji magotini. Aliyekuwa anagonga ni mtungi wa gesi, unaelea.

Na yale maji ni ya baridi jamani, meno yanagongana. Watoto tukawapandisha juu ya kabati, halafu kabati lenyewe likaanza kutembea. Jirani akavunja dirisha kwa nyundo, tukatokea hapo, mdogo mgongoni kwangu. Tulikesha juu ya ukuta wake kama kuku. Siku zilezile Waziri Mkuu akatangaza bungeni kwamba mvua za El Nino zimeshaua watu 155 nchi nzima. Nilikuwa nasikiliza kwenye simu ya kuazima, nguo za kuazima.

Godoro na cherehani nilisamehe. Vyeti ndivyo vilivyoniliza, cha kuzaliwa cha mdogo nilizungushwa miezi. Siku hizi viko kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, nimeining'iniza kwenye kenchi. Mumewangu anacheka. Acha acheke.

Mgeni wa Pasua:
Pole sana dada. Sasa kama kwenu yalikuwa manyunyu, hayo maji yalitoka wapi?

Babu wa Chekereni:
Mwanangu, hapo ndipo wageni wote wanapopotea. Wewe unatazama wingu la juu ya kichwa chako. Sisi huku chini tunatazama mlima. Mjini ni kama mita 800 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Kibo ni mita 5,895. Mvua kubwa inashuka kwenye msitu, huko juu ya Kibosho na Old Moshi. Kule kwa mwaka inapita milimita 2,000, mjini haifiki hata 1,000. Maji yote yale njia yake ni Rau, Njoro, Karanga, Weruweru. Yanashuka mteremko mkali, halafu yanafika huku kwetu kwenye tambarare na kusimama. Unaweza kuwa umeanika mpunga juani, ukasikia mto unanguruma.

El Nino ya 1997 kuingia 1998 nilikuwa na jaruba tatu za mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji, ile iliyojengwa na Wajapani miaka ya 80. Mahindi ya jirani yalibaki yameinamisha vichwa kama waumini. Mimi mpunga sikuuona kabisa, ulifunikwa na tope. Usipime kina peke yake, tope ndilo linalokaa. Maji yaliondoka baada ya siku chache, tope tulilipiga jembe mpaka msimu wa pili.

Marehemu baba alitufundisha kusoma mto kwa vitu vinavyoelea. Yakija majani makavu na vijiti, una muda wa kunywa chai. Ikija migomba imeng'oka na mizizi yake, ujue mto umeshaanza kula vihamba, yaani mashamba ya migomba ya watu huko juu. Acha chai, beba watoto.

Meku wa Majengo:
Babu heshima yako. Nimekaa Moshi miaka 30, hii ya migomba ndiyo naisikia leo.

Mpare wa Milimani:
Mimi ni wa Same, si Moshi mjini, ila mkoa ni mmoja. Novemba 2009, Goha, kata ya Mamba Miamba. Mvua ilinyesha mfululizo, usiku mlima ukaachia. Walikufa zaidi ya watu 20, wengine familia moja nyumba moja. Nilikuwa kijana, tulichimba kwa majembe na mikono. Sitaandika zaidi ya hapo.

Fundi Bati:
Poleni ndugu yangu.

Mimi langu dogo. Julai 2007, lile tetemeko la kule Gelai karibu na ziwa Natron. Nilikuwa dukani Arusha, chupa za soda zikaanza kugongana zenyewe, mangi akaniacha na chenji yangu akatoka mbio. Usiku kucha watu wako nje na mablanketi. Septemba volkano ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Chenji sijaipata mpaka leo.

Kibosho Juu:
Watu wa chini mnatulaumu kwamba tunawaletea maji, basi ngoja niseme. Oktoba 2020 mlima uliungua, moto ulianzia karibu na Hona, njia ya Marangu, ukala kilomita za mraba 95 hivi. Usiku ulionekana kama kamba nyekundu imetandazwa. Kuna wanaosema mafuriko yote yameanzia pale. Mimi sikubali kirahisi hivyo, mbona ya 1998 yalikuja kabla ya moto huo? Ninachokiona kwa macho ni mifongo ya wazee, ile mifereji ya asili ya kumwagilia, imezibwa, kingo za mito zimelimwa hadi majini, na huko chini watu wanachota mchanga na kujenga juu ya mkondo.

Mgeni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chukua futi kamba, nenda ukapime.

Mama Wawili:
Na usiende na dalali. Nenda peke yako, jioni. Angalia kuta za majirani, maji yakikaa yanaacha mstari wa tope, hata wakipaka rangi unajitokeza. Angalia na miti, mifuko ya plastiki imenasa kwenye matawi ya urefu gani. Halafu uliza mama yeyote anayeuza mboga, usiulize mwenye nyumba.

Mgeni wa Pasua:
Mrejesho wakuu. Nimekwenda leo. Kutoka mtoni ni hatua 41 za mguu wangu. Ukuta wa jirani umepakwa rangi mpya, lakini nusu tu, kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno changu, juu wameacha ya zamani. Mama wa mchicha nilipomuuliza alicheka kwanza, akaniuliza nimeambiwa bei gani.

Nikampigia dalali. Kabla sijasema neno, kapunguza milioni moja.