Gari la kutoka Hokkaido limeoza chini, nipo Tanga. Nichomelee au niachane nalo?

Mwana_Raskazone (Jumatatu usiku)

Assalaam alaykum na habari za usiku wakuu. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mnisome mpaka mwisho.

Mwaka juzi mzee wangu alistaafu, akatoa sehemu ya kiinua mgongo chake tukaagiza gari Japani. Ni van ya viti nane, ya mwaka 2007, inavuta magurudumu yote manne. Kwenye picha lilikuwa linang'aa, ndani safi kama halijakaliwa. Nalitumia kumpeleka mzee kliniki Bombo kila mwezi, na asubuhi nabeba watoto sita wa majirani kwenda shule.

Jumamosi nililipeleka gereji Makorora kubadilisha bushi za mbele. Fundi akaweka jeki ubavuni chini ya mlango, mahali pake kabisa, akaanza kupandisha. Gari halikupanda. Jeki ndiyo iliyopanda, ikazama ndani ya bati kama kidole kwenye papai. Tukalala chini na tochi. Kote kumepigwa rangi nyeusi nzuri, ukitazama harakaharaka unasema kumetoka kiwandani jana. Fundi akakwangua kwa bisibisi, rangi ikabanduka pamoja na magamba ya kutu, mapana kama magamba ya chewa.

Nikarudi nyumbani kutafuta karatasi ya mnada tuliyotumiwa wakati ule. Mnada wenyewe ulikuwa Sapporo, Hokkaido, kwenye theluji. Hatukujua hilo lina maana gani.

Sasa gereji moja inasema laki tatu: wapulizie oili chafu, juu yake lami, basi. Nyingine inasema milioni moja na laki mbili, wakate na kuchomelea bati jipya. Mjomba anasema niliuze mapema kabla maneno hayajaenea. Watoto nimeacha kuwabeba tangu Jumamosi, wazazi nimewaambia ni bushi. Mzee bado sijamwambia, na kila akiniuliza gari lini linatoka gereji naangalia pembeni.

Naombeni ushauri wa kweli. Je, gari la hivi bado ni la kubeba watu?

FundiBodi_Ngamiani

Pole sana mdogo wangu. Umefanya la maana kusimamisha watoto, usiwarudishe mpaka tujue kilichooza ni nini. Nipo kwenye bodi mwaka wa ishirini na mbili sasa, na jambo la kwanza ninalomwambia mteja ni kwamba kutu si kitu kimoja. Kuna kutu ya juu, ile ya rangi ya chungwa, ukipiga brashi ya waya chini unakuta chuma kizima. Kuna kutu ya magamba, hapo chuma kimeshaliwa unene wake. Na kuna tundu. Wewe tayari una tundu ubavuni, lakini hatujui kwingine.

Gari lako halina chesisi ya peke yake kama Land Cruiser ya zamani. Bodi ndiyo chesisi. Ule mbavu wa chini ya milango, ambao watu wanauona kama pambo, ndio unaobeba gari lisijikunje katikati na ndio unaomkinga abiria akigongwa ubavuni. Kwa hiyo usikubali mtu akuzibie pale kwa puti na nyuzi za faiba. Itapendeza, na haitakinga mtu.

Fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi. Tafuta gereji yenye shimo, gari liingie likiwa limeoshwa chini kwa maji baridi ya bomba, yenye presha. Chukua nyundo ndogo na bisibisi butu. Gonga kila sehemu ukisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti nzito, kama unagonga mbao mbichi. Pakijibu vibaya, sukuma bisibisi. Anza kwenye ile fremu ndogo inayobeba injini na mikono ya tairi za mbele, nenda kwenye vikombe vinavyoshika shokapu, halafu mahali mikono ya nyuma inapofungwa kwenye bodi, halafu mikanda ya tangi la mafuta. Mwisho fuata bomba za breki kwa kidole kutoka mbele mpaka nyuma, bila kuruka hata klipu moja, maana maji ya chumvi hujificha chini ya klipu na huko ndiko bomba hutoboka.

Vikombe vya shokapu au viungo vya nyuma vikiwa vimeoza, njoo useme hapa. Jibu langu litakuwa jingine.

Mzee_wa_Pongwe

Mwanangu, sisi Landrover za mashamba ya mkonge tulikuwa tunazipaka oili chafu na dizeli chini kila masika na zilidumu. Laki tatu ni nyingi, nunua oili kwa mafundi, pakaza mwenyewe.

FundiBodi_Ngamiani

Mzee wangu, shikamoo. Heshima yako ipo, na kweli mafuta yanazuia maji kwenye chuma kizima. Lakini hapa chuma kimeshaoza, na oili chafu inavimbisha bushi na mipira mingine ya chini, pia ikidondoka inaharibu udongo na visima vyetu. Lami ndiyo mbaya zaidi. Ukiipaka juu ya kutu umefunika sufuria: unyevu na chumvi vimebaki ndani vinaendelea na kazi, wewe huvioni. Nina hakika ile rangi nyeusi aliyoikuta ilifanya vilevile.

Mdigo_wa_Minnesota

Nimezaliwa Chumbageni, sasa nina majira ya baridi kumi na moja huku Minnesota, na hili la theluji nimelilipia kwa pesa zangu. Wacha nilieleze, maana nyumbani watu wanadhani theluji ndiyo inayoozesha gari. Theluji ni maji tu. Tatizo ni chumvi inayomwagwa barabarani ili barafu iyeyuke. Wanamwaga chumvi ya kawaida, ileile ya jikoni, na kukiwa baridi zaidi wanachanganya na kalsiamu kloridi. Inakuwa uji wa chumvi, tairi zinaurusha chini ya gari, unaingia kwenye kila mshono. Chuma, maji na hewa tayari vinatosha kuleta kutu. Chumvi inafanya yale maji yapitishe umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogomdogo, kwa hiyo inakwenda mbio.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua. Kukiwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, gari linaoza polepole sana, kila kitu kimeganda. Linaoza vibaya siku za sifuri au mbili juu yake, barabara ikiwa imelowa. Na linaoza kuliko yote ukililaza kwenye gereji yenye joto, kwa sababu barafu ya chumvi inayeyuka usiku kucha kwenye mishono. Majirani zangu wazee hapa huacha magari yao nje kwa makusudi.

Ndiyo maana swali lako limenigusa. Gari lililokunywa chumvi ya Hokkaido likaja Tanga ni sawa na kuliingiza kwenye gereji ya joto, halafu lisitoke tena. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75 hivi, ile ya kalsiamu inaanza mapema mno kabla ya hapo. Raskazone usiku unyevu unapita hapo mara nyingi. Kwa hiyo hata kama halijapita kwenye dimbwi, kule ndani ya mbavu kumelowa.

Na usione aibu kwamba mlinunua bila kujua. Hata magari mapya huku yameoza. Mwaka 2016 Toyota ilifikia makubaliano mahakamani Marekani ya hadi dola bilioni 3.4, kukagua na kubadilisha fremu za pikapu za Tacoma na Tundra na za Sequoia, kwa sababu ya kutu.

Dada_Magari_Tanga

Kaka, hiyo karatasi ya mnada itazame tena, kwenye mchoro wa gari. Ukiona S ni kutu, kwa Kijapani kutu ni sabi. Ukiona C ni chuma kilicholiwa. Namba iliyo pembeni yake ikikua, tatizo limekua. A ni mikwaruzo na U ni kubonyea, hizo hazina neno. Mimi nawasaidia watu kuagiza, na wateja wote wanaangalia alama ya jumla iliyoandikwa juu ya karatasi tu, wakiona 4 wanafurahi.

Kwa wengine wanaosoma: jina la mnada pekee halitoshi, kwa sababu gari la Hokkaido au Niigata, kwenye theluji, linaweza kuuzwa Yokohama. Tazama chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala. Ukiona nyaya nyembamba za joto kwenye kioo, gari lilitengenezwa kwa ajili ya mikoa ya baridi. Mengi yanayovuta manne huja hivyo, kwa hiyo si ushahidi kamili, ila hapo dai picha za chini. Na chini kukiwa kweusi sawasawa kila mahali, mpaka kwenye nati na bomba, mimi huwa naliacha.

Wa_Nunge

Mimi niko Bagamoyo karibu na mashamba ya chumvi ya Nunge, pikapu tunazobebea tunazijua. Kinachotuokoa ni maji baridi kila wiki, na kuzibua vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango na mbavu. Tope likiziba kitundu, mbavu unageuka mtungi. Tumia waya laini, usitumie msumari.

Kijana_Korogwe

Uza huko Dodoma kukavu, halitaoza tena. Watu wanauza kila siku.

Mwana_Raskazone

Kaka, huko Dodoma nako kuna watoto wanaopelekwa shule. Nikiuza nitasema ukweli wote, na nikisema ukweli sijui nani atanunua.

Mwana_Raskazone (Alhamisi mchana)

Wakuu nimerudi. Leo tumekuwa shimoni tangu saa mbili mpaka saa sita. Karatasi ya mnada ina S kwenye matao mawili ya tairi za nyuma na C2 ubavuni kushoto, imeandikwa wazi, imekaa kwenye simu yangu miaka miwili. Nyaya za joto kwenye kioo zipo.

Tumegonga kote kama fundi alivyoelekeza. Fremu ya injini inalia vizuri, ina kutu ya juu tu. Vikombe vya shokapu vizima vyote vinne. Viungo vya mikono ya nyuma vina magamba, bisibisi haikuingia. Mbavu wa kushoto umeoza karibu urefu wa mkono mzima, wa kulia kiganja kimoja. Tao la nyuma kushoto lina tundu la kupitisha kidole. Na bomba la breki la nyuma, juu ya tangi, limevimba chini ya klipu mbili. Fundi alipolifuta kwa kitambaa likatoa jasho la mafuta ya breki. Nilikaa chini nikanyamaza. Nilikuwa nashuka nalo pale Bombo na mzee ndani.

Jana nimemweleza mzee kila kitu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama watoto wameshapata usafiri mwingine.

FundiBodi_Ngamiani

Alhamdulillahi mmeligundua shimoni. Gari lako linatengenezeka. Bomba la breki kwanza, na libadilishwe lote mpaka nyuma, lisiungwe kipande. Ukipata la mchanganyiko wa shaba na nikeli, hilo halishiki kutu.

Ubavuni wakate mpaka wafike kwenye chuma kinachong'aa, hata kama tundu litakuwa kubwa kuliko ulivyodhani. Fundi anayebandika bati juu ya bati bovu mkatalie. Atumie mashine ya waya, si ile ya vijiti, maana bati la bodi ni jembamba na vijiti vinalitoboa. Kabla ya kuchomelea atoe zulia na viti vya upande huo, achomoe betri, na awe na ndoo ya maji na mtu wa kuangalia moto. Upande wa tao lililo karibu na tangi, tangi lishushwe.

Kuchomelea kunaunguza kinga ya upande wa ndani, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika mwaka unaofuata. Baada ya kuosha na kukausha kabisa, apulizie nta ndani ya mbavu kwa mrija mrefu kupitia vitundu, mpaka ianze kudondoka kwa chini. Magamba ya nyuma yakwanguliwe, yapakwe dawa ya kugeuza kutu, halafu praima ya zinki, ndipo rangi.

Mwana_Raskazone

Nimemuuliza yule wa milioni na laki mbili kama atapulizia nta ndani. Akasema hajawahi kuulizwa hivyo. Wewe uko barabara ya ngapi, kaka? Nalileta Jumamosi kwa breki ya mkono na gia ndogo, au nitafute la kulivuta?

FundiBodi_Ngamiani

La kulivuta. Bomba limeshatoa jasho, usiliwashe. Nimekutumia namba faragha.