Mtaalamu wa samaki kuja bwawani anataka laki na nusu, nimlipe?

Mama Sato: Wakuu, habari za jioni. Nina bwawa Kibaha, mita 10 kwa 15, nilipandikiza vifaranga 700 vya sato. Wengi wamefika robo kilo. Tangu Jumapili naokota mizoga: nane, kumi na mbili, leo ishirini na moja, na wakubwa ndio wanaotangulia. Kuna mtaalamu nimepewa namba yake, kuja kuangalia tu ni 150,000, nauli juu yangu, dawa mbali. Baba watoto anasema hela hiyo bora tununue chakula. Kuna aliyewahi kulipa akaona faida?

Kambale Moro: Pole dada. Macho yamevimba? Wanazunguka kama walevi? Vidonda je? Na wanakufa saa ngapi?

Mama Sato: Vidonda hakuna, macho mazima. Alfajiri nawakuta wamejaa juu, midomo wazi, wanahema. Jua likipanda wanashuka. Maji yamekuwa kijani sana, niliongeza samadi ya kuku wiki iliyopita.

Kambale Moro: Umeshajijibu nusu. Huo ukijani ni mwani. Mchana unatoa oksijeni, usiku unaivuta pamoja na samaki, na samadi ikioza inavuta tena. Kunapokaribia kucha hewa imekwisha, na samaki mkubwa ndiye anayezidiwa mapema. Tumbukiza mkono hadi kiwiko. Kama huoni kiganja chako, maji yamezidi rutuba. Acha samadi, simamisha chakula siku mbili, toa maji ya chini uingize mapya. Kama una pampu, iwashe saa tisa usiku irushe maji juu yaangukie bwawani.

Kijana Mjasiriamali: Mwaga tetrasaiklini tu, unauziwa duka lolote la mifugo. Laki na nusu ya nini?

Kambale Moro: Dogo, hao samaki wataliwa na watu. Na dawa haiongezi hewa.

Mzee wa Bwawa: Mimi nimelipa mara mbili. Wa kwanza alikuja saa saba mchana na gari zuri, akasimama ukingoni, akachungulia, akaniuzia unga mweupe kwenye mfuko usio na lebo. Samaki wakaendelea kufa. Wa pili alikuja na bodaboda na begi la vipimo. Alipima oksijeni, pH (uchachu wa maji) na amonia (sumu ya kinyesi na uozo), akauliza daftari langu la kulisha (sikuwa nalo, nikaona aibu), kisha akavua samaki watatu walio hai lakini wamelegea, akawapasua juu ya kiroba. Akanifunulia matamvua: badala ya mekundu yalikuwa ya kahawia, yamejaa ute. Huyo nilimlipa na soda nikamnunulia.

Kwa hiyo muulize kwanza: una vipimo gani? Utapasua samaki? Akisema "nikiona tu najua", kata simu. Na usimwekee mizoga ya asubuhi, samaki akishaanza kuoza haonyeshi kitu. Tena kabla ya hapo nenda halmashauri, muone afisa uvuvi. Wengine wanakuja kwa nauli tu.

Mama Sato: Afisa uvuvi nimempata, yuko safari hadi wiki ijayo. Huyu wa laki na nusu anasema vipimo anavyo, atafika kesho saa sita.

Kambale Moro: Saa sita mchana mwani umeshajaza hewa, kipimo kitasoma safi, atakwambia ni ugonjwa. Aje alfajiri.

Mzee wa Bwawa: Na ufanye hesabu. Samaki 600 wa robo kilo ni kilo 150. Kwa elfu nane kilo, hapo umekalia milioni 1.2.

Mama Sato: Nimempigia. Anasema saa kumi na moja alfajiri sawa, ila bodaboda ya usiku niongeze elfu kumi.

Mzee wa Bwawa: Ongeza. Pampu leo usiku usiiwashe kabla hajapima, ila uwe macho. Wakianza kuhema kwa wingi, iwashe, usimsubiri mtu.

Mama Sato: Pampu ni ya jirani. Ngoja nikamgongee kabla hajalala.